Ajuza Anavuta Kushoto

6 Februari

Mwanangu Kipenga,

Natumai umzima, wewe na wenzako wa wodini. Mimi mwili mzima, ila nina hasira tangu jana na leo nimeamka nayo.

Jana nilimpeleka Ajuza gereji. Unajua jinsi alivyo siku hizi: ukiachia usukani kidogo tu anakwenda kushoto kama ng'ombe aliyeona majani. Tairi ya mbele ya upande huo imelika kwa ndani mpaka nyuzi za waya zinachungulia, na ni tairi ambayo haijamaliza mwaka. Nikamwambia Fundi Spana anipangie magurudumu ya mbele, kazi ambayo amemfanyia marehemu baba yako mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwake. Akafuta mikono kwa kitambaa. Akafuta tena, na haikuwa na kitu.

"Mama Kipenga," akasema, "gari hili sitaligusa."

"Limekosa nini?"

"Halijakosa. Mimi tu sitaligusa. Naomba usiniulize."

Nikamuuliza, bila shaka. Akaingia chini ya lori la mtu mwingine, akakaa huko mpaka nikaondoka.

Sihitaji mpiga ramli. Ni baba yako mkubwa. Siku tulipomaliza matanga alisema mbele za watu kwamba gari la mdogo wake likae uani kwake, chini ya bati, lisije likaharibika. Kuharibika mikononi mwa nani, hakusema, lakini macho yake yalisema. Sasa ameona sitoi funguo, amepita kwa fundi. Anataka nichoke, Ajuza aote majani, kisha nimpigie magoti aje amchukue.

Hatanipata. Mikate ya shule na ya maduka ya juu imekwenda leo kwa mkokoteni, na nusu imefika imepondeka. Sitafanya hivyo maisha yangu yote. Baba yako alikuwa anapanga magurudumu hapa hapa uani kabla Spana hajanunua ile mashine yake. Mimi ndiye niliyekuwa nashika ncha ya pili ya futi kamba. Nilichosahau nitakikumbuka nikiwa chini ya gari.

Kula vizuri. Usiruke chakula cha mchana kwa ajili ya zamu.

Mama yako


15 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikatafuta pa kukaa.

Nakuomba, usilale chini ya lile gari. Jeki ya baba ina umri mkubwa kuliko mimi. Na hizo hesabu za kamba na chaki alizifanya mtu aliyezoea miaka. Ukikosea kidogo tu, gari litakuwa baya zaidi ya lilivyo, na wewe hutajua mpaka uko barabarani.

Kuhusu Baba Mkubwa, sijui niseme nini. Labda ana nia njema. Je, lingekuwa jambo baya sana gari likikaa kwake? Ni chuma tu, mama. Baba hayumo ndani yake. Mikate inaweza kubebwa na mtu wa kukodi, au unaweza kupumzika. Chumba changu kina nafasi ya kitanda cha pili, na dirisha linatazama bustani ya hospitali. Ungeamka saa unayotaka, siyo saa ya unga.

Na Fundi Spana naye ana sababu zake, usimchukie. Barabara ya shuleni si ya kuchezea, hasa ule mteremko unaoshukia darajani. Daraja lenyewe halina hata ukingo. Gari linalovuta kushoto likifika pale, nani atalirudisha?

Nijibu kwamba umeacha.

Binti yako, Kipenga


24 Februari

Mwanangu,

Sijaacha.

Nilianza Jumapili baada ya kutoa mkate wa asubuhi. Nimemweka Ajuza kwenye ile sakafu ya saruji tunaposhushia magunia ya unga. Nilijaza maji kwenye trei ya kuokea nikaiweka chini, upande huu na upande ule, kuona kama yanakimbilia kona. Hayakukimbia. Nikajaza upepo matairi yote sawa, kwa pampu ya baiskeli, mpaka mikono ikawa kama imechemshwa.

Mama Cherehani, jirani, ndiye aliyekuwa mwenzangu, na chaki yake ya kukatia nguo. Tulitia alama nyuma ya kila tairi ya mbele, katikati, kimo cha kitovu cha gurudumu. Tukapima kutoka alama hadi alama. Halafu tukasukuma gari taratibu mpaka alama zikaja mbele, kimo kile kile, tukapima tena. Baba yako alikuwa akisema matairi ya mbele yanatakiwa yaangaliane kidogo puani, kama watu wawili wanaosengenya. Mbele pawe padogo kuliko nyuma, kwa unene wa sarafu tu. Ya Ajuza yalikuwa yamepeana migongo. Mbele pamepita nyuma kwa upana wa kidole changu cha gumba. Ndiyo maana tairi inalika kwa ndani.

Kuna ule mkono wa chuma unaotoka kwenye usukani kwenda gurudumuni, mafundi wanauita tairodi. Una nati ya kufunga, ukiilegeza unaweza kuzungusha mkono wenyewe ukawa mrefu au mfupi. Nati ilikuwa imeshika kutu. Niliimwagia mafuta ya taa, nikaisubiri mpaka jioni, nikaipiga kwa nyundo, nikaiambia maneno ambayo Mama Cherehani anasema hajawahi kuyasikia kwa mtu anayeuza mkate shuleni. Ikaachia. Nikazungusha, tukapima. Pamepanuka zaidi. Nilikuwa nimezungusha kinyume. Tulicheka mpaka tukaketi chini. Kesho yake nikarudisha, nikapita pale palipokuwa, nikafika kwenye sarafu. Sasa yanaangaliana.

Shemeji yangu alikuja nikiwa bado chini. Niliona viatu vyake kwanza.

"Hayo ni mambo ya gereji," akasema.

"Gereji umeifunga wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyemkataza Spana."

Akachuchumaa anione uso. "Shemeji, mimi nimesema nililosema mbele za watu, na bado nalisema. Gari lingekuwa salama kwangu. Lakini kwa fundi sijakanyaga. Kamuulize mwenyewe." Kisha akaondoka bila kunywa hata maji. Sikumwamini.

Ila kuna jambo linanizunguka kichwani tangu barua yako. Umeandika habari za daraja. Ulipokuja likizo ukaona bonde kwenye bodi ya Ajuza, mimi nilikwambia nimegonga nguzo ya geti. Daraja sikulitaja. Nani amekutajia daraja?

Mama yako


27 Februari

Kipenga,

Sikusubiri jibu lako. Nimekwenda kwa Fundi Spana, nikasimama mlangoni pa gereji, mlango wenyewe ni mmoja, nikamwambia sitoki mpaka anijibu, na kama ana njaa nina mkate.

Akavua kofia. "Mama Kipenga, si shemeji yako. Ni binti yako. Alipita hapa siku ya kurudi kazini. Alilia. Akaniomba nisiliguse gari, akasema mama atachoka ataliacha. Mimi nina mabinti. Nilishindwa kukataa."

Nilirudi nyumbani kwa miguu na sikumbuki njia.

Kunizuia ni jambo moja. Umetoka tumboni mwangu, kama una kichwa kigumu najua ulikokipata. Lakini nimekuandikia kurasa nzima nikimtukana baba yako mkubwa, nawe ukanijibu "sijui niseme nini". Ulijua la kusema. Uliniacha nimchukie mtu bure, mtu aliyebeba jeneza la mdogo wake begani. Leo nimekwenda kwake nikamwomba radhi mbele ya mkewe. Alinikaribisha kiti, akasema yamekwisha. Wewe ndiye uliyetakiwa kukaa kwenye kile kiti.

Usinitumie barua ya kubembeleza. Niandikie kama mtu mzima.

Mama yako


8 Machi

Mama,

Shikamoo.

Ndiyo, ni mimi. Umetaka nisibembeleze, basi sibembelezi.

Mama Cherehani aliniambia yote nikiwa nimekuja likizo, wewe ukiwa jikoni umeinamia tanuri. Kwamba siku ya mvua za kwanza Ajuza alivuta kushoto kwenye mteremko, gurudumu la mbele likatumbukia nje ya daraja, gari likalalia tumbo juu ya saruji. Kwamba dereva wa lori la mchanga ndiye aliyekutoa kwa mlango wa upande wako huku mikate inaelea mtoni. Kwamba ulimwapisha asiniambie. Nilikusubiri uniambie mwenyewe. Siku zote za likizo nilisubiri. Siku ya kuondoka nikakuuliza tena lile bonde limetoka wapi, nawe ukaniangalia machoni ukasema, "Geti, mwanangu, niligeuza vibaya."

Hapo ndipo nilipoteremka kwa Fundi Spana.

Unajua ninachokiona kazini? Napokea watu kutoka barabarani. Nawakata nguo kwa mkasi. Wengine wana unga mikononi, au rangi, au chaki, walikuwa wanawahi mahali. Kila akiletwa mwanamke wa umri wako, naangalia uso kwanza kabla sijaangalia jeraha. Mwezi uliopita mmoja alikuwa na kitambaa cha kichwa kama chako. Ilibidi mwenzangu anishike mkono.

Baba nimemzika. Wewe sikuziki kwa sababu ya mikate.

Kuhusu Baba Mkubwa umesema kweli, na nimemwandikia. Hilo nalijutia. Lakini la fundi silijutii hata chembe. Nikirudi nyuma nitalifanya tena, na safari hiyo nitaondoka na funguo mfukoni.

Unasema sasa matairi yanaangaliana. Gari linakwenda moja kwa moja? Hukusema. Nimeisoma barua mara kadhaa, hukusema.

Kipenga


29 Machi

Mwanangu Kipenga,

Umesoma kwa jicho la muuguzi. Halikwenda moja kwa moja. Tairi iliacha kulika, lakini Ajuza bado alivuta kushoto. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujivuna.

Basi na mimi nakuandikia kama mtu mzima. Habari ya daraja ni kama ulivyoambiwa, ila mikate haikuelea, ilizama. Nilipokuwa nimekaa mle ndani, gari limeinama, niliona maji kupitia kioo cha upande wa abiria, na nikawaza kwamba sijafunika unga. Hicho tu. Kutetemeka kulikuja baadaye, nilipofika kitandani, na kulikaa wiki. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungesema hayo unayosema sasa, na nilikuwa sina nguvu za kukukatalia. Sasa ninazo.

Kwa kuwa sarafu haikutosha, nilichukua uzi mrefu wa Mama Cherehani, nikapima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha gurudumu la nyuma. Kulia kwanza, nikafunga fundo. Nikaupeleka kushoto. Fundo lilipita, uzi ukabaki. Gurudumu la mbele la kushoto limerudi nyuma, Kipenga. Lilikuwa limeanza zamani, lile daraja likalisukuma zaidi. Gari lina mguu mmoja umekaa nyuma ya mwenzake, litaachaje kuchechemea?

Nilikwenda kwa Spana na huo uzi. Aliutazama, akainua macho. "Mkono wa chini, ule unaobeba gurudumu, umepinda," akasema. "Mlete, nitamfungia leo hii."

"Simleti."

"Mama Kipenga, nimekosa, nimesema."

"Sijakasirika. Ulisema hutaligusa gari, basi usiliguse. Nitafutie huo mkono, nitafunga mwenyewe."

Akanitafutia kwenye mabaki, kwenye gari la aina hiyo hiyo lililooza nyuma ya gereji. Amekuja nao nyumbani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono amefunga kifuani, akisema tu, "Hiyo nati siyo. Hiyo nayo siyo." Hakugusa. Nadhani aliumia zaidi yangu.

Kulala chini ya gari sikulala peke yangu. Baba yako mkubwa alikuja na jeki ya kazini kwake na magogo mawili manene ya kuegemeza, akasema kwamba kama sina mpango wa kuliacha basi asiitwe yeye aliyeniacha nikafa. Alikuja na shati jeupe. Nilimwambia avue. Akasema hakai chini muda mrefu. Alikaa chini mpaka jua likazama, na hilo shati sasa mkewe analitumia kufutia sufuria. Wakati ananishikia taa alisema, "Mdogo wangu alikuwa akinifukuza nikimkaribia hili gari. Alisema nina mkono mzito." Nikajua alitaka nini miaka yote. Nikampa spana.

Tulipomaliza kufunga mkono tulipima upya kila kitu, maana ukigusa kimoja vingine vinahama. Uzi umelingana. Matairi yanaangaliana. Juzi mchana nilimpeleka kwenye ile barabara iliyonyooka nyuma ya shule, hakuna mtu, nikaachia usukani. Amekwenda mbele, Kipenga. Mbele tu. Mpaka nikasahau kuushika tena.

Najua hutaamini karatasi. Njoo. Siku ukija nitakuja kukuchukua stendi, na tutapita darajani.

Mama yako


14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama, zamu imeanza, miguu imevimba.

Nataka kuyaandika niliyoshindwa kuyasema nilipokuja, kwa sababu mle garini nilikuwa nashughulika kushika mlango.

Nilipokuona stendi umeegemea Ajuza, umevaa lile gauni la kanisani na mafuta meusi yamebaki kwenye kucha, nilikasirika. Ulikuwa unapendeza na mimi nilikuwa nimekuja kugombana. Nilipanga kukwambia nitapita darajani kwa miguu na wewe upite peke yako kama unataka kufa. Badala yake nikaingia. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu ulinifungulia mlango kama ninavyofunguliwa na mtu wa teksi, ukasema, "Karibu, mteja."

Kwenye mteremko niliangalia mikono yako, sikuangalia barabara. Haikuwa inapigana na kitu. Siku za baba, hata miaka ile kabla ya ugonjwa, mkono wake mmoja ulikuwa daima unavuta kulia kidogo, mimi nikadhani ndivyo watu wanavyoendesha. Yako ilikuwa imetulia juu ya usukani kama iko juu ya meza. Nikaona saruji inapita chini ya dirisha langu, upande ule ule, na ilipita sawasawa, haikusogea. Halafu ukaachia vidole kimoja kimoja ili nione, nami nikakwambia, "Shika, mama." Ukashika. Hukunibishia. Hilo ndilo lililonifanya nilie, siyo daraja.

Baba Mkubwa tulikaa naye muda mrefu. Nilikaa kwenye kile kiti ulichokisema. Alinipa mkono wa kushikana kama mtu mkubwa mwenzake, kisha akanieleza habari za tairodi mpaka chai ikapoa.

Sikubali kwamba nilikosea kuogopa. Bado naogopa. Jana usiku niliogopa, sasa hivi naogopa, kesho nitaogopa. Lakini nimemwandikia Fundi Spana kwamba ahadi ile imekwisha, akitaka kugusa na aguse.

Naomba jambo moja tu, na hili siliombi kama mtoto, naliomba kama mtu anayepokea watu mlangoni. Mvua zinakuja. Siku za mvua usipite darajani. Wape mkate uliobaki siku inayofuata, watoto hawatakufa. Niahidi hilo tu.

Binti yako, Kipenga


23 Aprili

Mwanangu Kipenga,

Barua yako imefika juzi na imelowa kwenye kona, kwa hiyo unajua hali ya hewa.

Mvua imeanza Jumanne haijakata. Leo watoto wa shule wamekula mkate.

Nakuambia mimi mwenyewe, usije ukasikia kwa Mama Cherehani. Nilisimamisha gari kabla ya mteremko. Nikashuka na mwavuli, nikatembea mpaka darajani kwa miguu, nikatazama maji yamefika wapi. Yalikuwa chini bado, yana povu. Nikasimama pale pale nilipotolewa. Kisha nikarudi kwenye gari, nikatia gia ya kwanza, nikapita. Upande wa pili mlinzi wa shule alinifungulia geti akasema, "Leo hatukukutarajia." Nikamwambia anishushie kreti.

Ahadi uliyoniomba sikupi. Nakupa nyingine. Siku maji yakigusa saruji, nitageuza, na nitakuandikia kwamba nimegeuza. Na siku nitakapopita, nitakuandikia kwamba nimepita. Hutasikia habari zangu kwa mtu tena.

Kesho inaonekana itanyesha. Unga nimekwisha kuukanda.

Mama yako